Mashine Isiyosaga

Kosa la kwanza nililifanya kwa mdomo. Siku Fuso ilipoingia mtaani kwetu Ilomba ikirudi kinyumenyume, utingo akigonga bodi na kupiga kelele "njoo, njoo, kata kulia!", jirani mmoja aliniuliza kuna nini chini ya turubai. Nikamjibu kwa sauti ya mwalimu ambaye mkopo wake umeingia: "Mashine."

Kwa watu wa huku neno hilo lina maana moja. Mtoto akiambiwa aende mashine, anajitwisha mahindi. Kwa hiyo kesho yake saa moja asubuhi, ukungu haujatoka hata kwenye mabati, nilikuta wateja watatu getini: akina mama wawili wenye madebe na kijana mwenye kiroba. Mmoja alitaka sembe, mwingine dona, kijana alitaka kujua bei ya kukoboa. Nikawaeleza kwa upole kwamba hii si ya kusaga, ni mashine ya milingi, ya kuchonga vyuma. Kijana akaniangalia kwa huruma.

"Mwalimu," akasema, "milingi si ndiyo kusaga kwa Kiingereza?"

Nimefundisha fizikia miaka kumi na tisa. Sikuwa na jibu.

Niseme basi ni kitu gani, maana hata mama watoto alikuwa bado anasubiri maelezo. Mashine ya milingi ukiiona kwa mbali utadhani ni kekee ya kusimama. Tofauti ni kwamba kekee inajua njia moja tu, ya kwenda chini. Hii, kisu kikiwa kinazunguka juu, meza iliyobeba chuma inasogea chini yake kushoto na kulia, mbele na nyuma, kwa magurudumu ya mkono. Unaweza kuchimba mfereji ulionyooka kwenye chuma, kusawazisha uso, kukata pembe. Yangu niliipata Iringa kwa fundi aliyekuwa anafunga karakana yake. Ina nguzo ya mviringo, mota ya fezi moja na rangi ya kijani iliyobabuka. Ilishushwa na watu sita, wa saba akiwa mshauri, ikawekwa kwenye banda lililokuwa la kuku, ukuta mmoja na jiko.

Siku ya kununua nilijiona mjanja. Nilitega sikio kwenye mota kama daktari. Nilizungusha magurudumu yote, nikakagua mikanda, nikauliza hata kwa nini anauza. Nikapewa na sanduku la visu kumi na moja vilivyofungwa kwenye magazeti, vikali vya kunyolea ndevu. Nilisahau kuuliza kitu kimoja tu: tundu.

Chini ya kichwa cha mashine kuna spindo, na ndani ya spindo kuna tundu. Kisu hakiingii humo moja kwa moja. Lazima pawe na dalali katikati, kishikizi: upande mmoja kinaingia kwenye tundu kama kizibo kwenye chupa, upande wa pili kinabana kisu kisitetereke. Vishikizi vya mashine ile mwenyewe alishaviuza kwa mtu mwingine. Alichobakiza ni kimoja kilichong'ang'ania ndani ya spindo, nadhani kwa sababu kilimshinda kukitoa. Wahenga walituonya tusivutane na aliyeshika mpini wakati sisi tumeshika makali. Mimi nilipanda basi mpaka Iringa, nikalipa fedha taslimu, nikarudi na makali.

Mteja wa kwanza wa kweli alikuja kugombana. Ni mama mwenye mashine ya kusaga mtaa wa chini. Alikuwa amesikia kwamba mwalimu anafungua mashine ya pili, hatua mia mbili kutoka kwake, bila hata kumpa taarifa. Aliingia bandani ameshika kiuno, akatafuta mahali pa kumiminia mahindi, asipaone. Akaizunguka mashine mara mbili. Hasira ikageuka biashara.

"Kama inachonga chuma kweli, Mwalimu, basi nichongee na mimi."

Shafti ya mashine yake ilikuwa imechoka. Puli hukaa kwenye shafti, na kinachoizuia isizunguke bure ni kipande kidogo cha chuma kinacholala nusu kwenye mfereji wa shafti na nusu kwenye puli; mafundi hukiita kii. Mfereji wa zamani ulikuwa umelika kingo, kii inacheza ndani kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Shafti ya milimita 35 hutaka kii ya upana wa milimita 10, na mfereji uende chini milimita 5. Upande wa pili wa shafti ulikuwa mzima, basi kazi ni kuchimba mfereji mpya pale. Nikamwambia ni ya nusu saa, apite jioni.

Namshukuru Mungu aliyeniumba mwoga. Kabla ya kugusa mali ya mtu nikaamua kujaribu kwenye kipande cha ekseli nilichookota kwenye vyuma chakavu. Kile kishikizi kilichong'ang'ania kwenye spindo kilikuwa chaki. Mimi mwalimu, chaki ninayoijua ni ya ubaoni. Hii ni ile ya mafundi, kichwa chenye taya tatu cha kubania biti za kekee. Nikajiambia kinachoshika biti kitashindwaje kushika kisu? Nikabana kisu cha milimita 10 kwa nguvu zangu zote, nikaweka kina cha milimita 5, nikawasha.

Sentimita mbili za kwanza zilikuwa nzuri mpaka nikaanza kuimba. Kisha sauti ikabadilika, ikawa ya mbuzi aliyebanwa na mlango. Kisu kikaanza kujivuta chini chenyewe, kama mtu anayeteremka kisimani: 5, 6, 7. Nilipokuwa nakimbilia swichi kilishafika 9, na chaki nzima ikachomoka kwenye mkia wake, ikazunguka mezani kama pia, ikaruka dirishani na kutua kwenye beseni la nguo za shule alizokuwa ameloweka mama watoto. Sitaandika alichosema. Alisema kwa Kinyakyusa, na kwa kirefu.

Kelele hizo ndizo zilizomleta mzee jirani yetu, mstaafu wa TAZARA. Reli ile ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilijengwa kuanzia 1970 hadi 1975, na yeye aliingia karakana akiwa kijana, treni bado zinanukia rangi. Anasema Mchina aliyemfundisha milingi hakujua Kiswahili, naye hakujua Kichina, kwa hiyo walielewana kwa vidole na kwa kupigana makofi ya mkono kila mmoja alipokosea.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nani amekufa?"

Nikamwonyesha ekseli. Akapitisha kidole kwenye mfereji wangu, unaoanza kama mfereji na kuishia kama kaburi. Akaniambia makosa yangu taratibu. Taya tatu za chaki zinagusa kisu kwenye mistari mitatu tu, na kisu cha milingi kimejipinda kama skrubu, kwa hiyo kikianza kukata kinajivuta kwenda chini. Tena chaki imekaa kwenye mkia wake kwa kugongwa tu. Imezoea kusukumwa kwenda juu, kazi ya kutoboa. Ukiisukuma ubavuni inaaga.

"Tafuta koleti," akasema.

Koleti ni kibomba kifupi cha chuma chenye umbo la koni, kimechanwachanwa kwa urefu. Nati ikikazwa, kinasukumwa kwenye koni ya kishikizi, nyufa zinafunga, nacho kinakibana kisu pande zote kwa pamoja. Mzee alieleza kwa mfano wa sokoni: chaki inakushika kama mgambo, kwa kola ya shati, koleti inakukumbatia kama mama.

"Lakini kabla hujatuma hela Dar, lijue tundu lako. Lipime." Kesho yake akaondoka kwenda Kyela kuvuna mpunga.

Kupima tundu kulitaka kwanza nitoe ule mkia wa chaki uliobaki ndani. Unavutwa juu na bolti ndefu inayopita katikati ya spindo. Mtu anayejua hulegeza bolti mzunguko mmoja au miwili, anaigonga kidogo kwa juu, mkia unaachia huku bado umening'inia kwenye nyuzi. Mimi niliifungua bolti yote, nikaiweka pembeni kwa adabu, nikagonga kwa nondo. Mkia ukaachia. Chini palikuwa na mguu wangu ndani ya kandambili.

Niliuokota nikiruka kwa mguu mmoja. Ulikuwa umepakwa grisi nyeusi ya miaka mingi, na umechongoka kuelekea juu kama karoti. Nauliza sasa, kwa uchungu: mtu mwenye shahada, ameshika mkononi kitu kilichochongoka, hawezi kujiuliza tundu kilimotoka lina umbo gani? Hakujiuliza. Aliurusha mkia kwenye ndoo, akaenda kuazima rula ya binti yake.

Ndiyo, rula. Ya plastiki, imetafunwa pembeni. Kila mwaka nawafundisha Kidato cha Kwanza mada ya vipimo. Nimewanyima alama watoto wa watu kwa kutumia rula mahali pa venia, nikawaandikia kwa wino mwekundu. Nikapiga magoti chini ya spindo, jicho moja nimefumba, nikasoma mdomo wa tundu: milimita 24.

Nikampigia muuzaji wa Gerezani, Dar.

"Tundu gani, bosi?"

"La milimita 24."

"Hiyo R8. Mzigo upo."

Nikatuma hela kwa simu: laki moja na sabini ya kishikizi, laki mbili na nusu ya seti ya koleti. Mama watoto aliuliza kama ni ada. Nikasema ni ada kwa namna fulani.

Mzigo ulifika na basi siku ya tatu. Nilipofungua kisanduku sebuleni, koleti zikang'aa kwenye vitundu vyake, nikazihesabu kwa sauti: koleti kumi na nane, kuanzia milimita 3 hadi 20. Kitinda mimba wangu, ambaye sikio lake husikia linachopenda, akatoka mbio. Nusu saa baadaye uani kulikuwa na foleni ya watoto tisa wenye adabu isiyo ya kawaida. Mkubwa wao akapiga hatua mbele.

"Shikamoo, Ticha. Tumeambiwa umeletewa chokoleti kumi na nane kutoka Dar."

Wakala ndizi za kuchoma, wakaondoka wakinong'ona. Mama watoto alifunga hesabu akiwa mlangoni: "Mashine haisagi, chokoleti haziliki. Endelea tu, baba."

Usiku ule, nimevaa sweta mbili, nilipandisha kishikizi kwenye spindo. Kikagota mlangoni. Nikakifuta, kikagota. Nikapaka mafuta, nikakizungusha, nikakisemesha. Kilikuwa kama mgeni mnene kwenye mlango wa bajaji: kichwa kimo, mwili unakataa. Nikaweka rula kwenye shingo yake: milimita 24. Nikaweka rula kwenye tundu: milimita 24. Nikaanza kushuku fizikia.

Mzee alirudi na gunia la mchele na mguu wenye matope ya Kyela. Hakuuliza kitu. Aliingiza kidole kidogo kwenye tundu, akakizungusha huku akitazama dari kama mkunga.

"Linabana kadiri unavyopanda," akasema. "R8 ndani imenyooka, pana pake ni mdomoni tu. Hii ni mosi tatu."

"Moja au tatu, mzee?"

"Mosi. Tatu."

"Ndiyo, lakini ipi?"

Akanyamaza kidogo, kama walimu tunavyonyamaza. Kisha akainama kwenye ndoo, akautoa ule mkia wa chaki, akaufuta grisi kwa dole gumba. Chini ya grisi, kwa herufi zilizochongwa kiwandani, pameandikwa MT3.

"Mwalimu," akauliza kwa upole kabisa, "unajua kusoma?"

Mosi ni Stephen Morse, Mmarekani aliyebuni tundu hilo la koni miaka ya 1860. Midomoni mwa mafundi wetu jina lake limekuwa namba. Koni yake inabana pole pole sana, kama milimita moja kwa kila ishirini, ndiyo maana ukiigonga kidogo inashikana kama wapangaji na mwenye nyumba. R8 ilikuja baadaye, na mashine za Bridgeport za kule Connecticut, zilizoanza kuuzwa 1938. Na mashine za sura kama ya kwangu, zenye nguzo ya mviringo, zilitoka viwandani za aina zote mbili, kwa hiyo sura haikuambii kitu.

Mzee akatoa venia yake kwenye kipande cha blanketi. Aliinunua Zambia kwa mshahara wake wa ujana, na huishika kama watu wanavyoshika Biblia ya bibi. Tundu langu mdomoni: 23.8. Shingo ya R8: 24.1. Tofauti ni sehemu tatu za kumi za milimita, unene wa karatasi tatu za daftari. Kwenye rula ya binti yangu karatasi tatu hazionekani. Kwenye mkopo wangu zilionekana vizuri.

Habari njema ilikuwa moja. Koleti hazikuwa na kosa. Zile ni ER32, za mtindo ulioletwa na Waswisi wa kampuni ya Rego-Fix mwanzoni mwa miaka ya 1970, na koleti ya ER haijali kishikizi chake kina mkia wa nani. Nilitakiwa kubadilisha kishikizi tu. Mzee akanipa somo la kuchagua tukiwa tumekaa kwenye ndoo mbili. ER16 ni ya visu vidogo, mwisho wake milimita 10. ER40 ni jitu, litamaliza nafasi yote kati ya spindo na meza. ER32 inashika mpaka 20, inatosha nyumba. Kila koleti yake inaweza kufinywa milimita moja, kwa hiyo visu vya inchi vya sandukuni navyo vina pa kukaa: nusu inchi ni 12.7, inaingia kwenye koleti ya 13. Ila usithubutu kulazimisha 13 kwenye koleti ya 12. Koleti hufinywa, haipanuliwi.

"Na ukiwa na hela ya ziada," akaongeza, "nunua koleti za mosi tatu zenyewe, ya 10 na ya 12. Zinaingia moja kwa moja kwenye spindo, hazining'inii. Kadiri kisu kinavyokuwa mbali na spindo ndivyo kinavyotetemeka. Ubaya wake kila moja inashika saizi yake tu."

Hela ya ziada. Nilicheka peke yangu.

Kishikizi cha pili kilifika wiki iliyofuata. Kikapanda kwenye tundu kikalia "tup", sauti ambayo sitaisahau. Kwa furaha nikatumbukiza koleti ya 10 kwenye kishikizi, nikachomeka kisu, nikafunika na nati, nikakaza. Kisu hakikukaa katikati. Kilizunguka kwa kuyumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nikafungua nati. Nati ikatoka, koleti ikabaki ndani, imekwama, inanitazama. Mzee, aliyekuwa ameshaacha kwenda kwake na sasa anakunywa chai kwetu, akanyoosha mkono.

"Koleti huanza kwenye nati, siyo kwenye tundu. Ilaze kiubavu, ibonyeze. Sikiliza."

Tak.

Ndani ya nati kuna kingo iliyokaa upande, nayo koleti ina mfereji shingoni. Vikishikana kwa ule mlio, nati ikikazwa inasukuma koleti ndani sawasawa, na ikifunguliwa inaivuta nje. Watoto wakaomba wajaribu. Jioni nzima nyumba yetu ililia tak, tak, tak, na kwa mara ya kwanza zile koleti zikawapendeza kama chokoleti kweli.

Siku iliyofuata nilifuta chenga zote kwenye koni, nikafunga kisu, nikalaza shafti ya mama wa mashine kwenye jiliwa. Nilikata nusu milimita kwa kila safari, safari kumi, mpaka kina cha 5. Kisu hakikuimba, hakikulia, kilinong'ona tu. Mzee akachukua kii, akaiweka juu ya mfereji, akaisukuma kwa dole gumba. Ikazama kwa shida kidogo, ikakaa. Akatikisa kichwa mara moja. Mchina wake naye, nadhani, hakuwa mtu wa sifa.

Kile kishikizi cha R8 muuzaji hakukirudisha. Alisema bidhaa ikishapanda basi haishuki. Sasa kinazuia mlango wa jiko usipigwe na upepo wa Julai, na kila Januari nakipeleka darasani. Kidato cha Kwanza hukipima shingo kwa rula, kisha kwa venia. Wa rula hupata 24, wa venia hupata 24.1. Kila mwaka lazima mmoja aulize: "Sasa hiyo nukta moja ina shida gani, mwalimu?" Ndipo navua kiatu nikawaonyesha ukucha, kisha nawatajia bei.

Mama wa mashine alikuja kuchukua shafti jioni ya siku niliyoichonga, akaifunga, mashine yake ikanguruma usiku ule ule tukaisikia kutoka kwetu. Kesho yake akanitumia neno nipite. Tulikuwa hatujapatana bei, na mimi kwa aibu ya wiki tano za kusubiri sikutaka kutaja. "Ndaga fijo, Mwalimu," akasema, na kunitwisha debe la dona, bado la moto kutoka kwenye mashine.

Nikapandisha kilima nalo begani, unga umenimwagikia mpaka kwenye nyusi. Kwenye kona nikakutana na yule kijana wa kiroba. Alisimama kando ya njia, akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kandambili, akatabasamu kama mtu aliyesubiri siku hiyo kwa muda mrefu.

"Mwalimu," akasema, "si nilikwambia inasaga?"